Siku Mke wa Fundi Alipopanda Jukwaani

Kwa miaka mitatu nilikuwa shujaa wa mvua. Pale sokoni Shinyanga nilipoweka cherehani yangu, wateja waliniita dada mshonaji, lakini watoto wakipita walinong'onezana, "Mvua yule." Nilijifanya sisikii. Nilikuwa nasikia vizuri sana.

Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa na mashujaa watatu na adui mmoja. Aliyetukusanya alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mrefu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote, ambaye hata sasa hakuweza kuona kosa la tahajia kwenye ukuta wa duka akalipita hivihivi. Shirika moja lilikuwa limemwomba apeleke ujumbe machimboni kuhusu zebaki, ile dawa ya kukamatia dhahabu ambayo wachimbaji huichanganya kwa mikono mitupu, kisha wengine huichoma palepale wanapopikia ugali. Mwalimu alisema wachimbaji wamechoka kuhutubiwa. Akatunga mchezo wa mashujaa.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Adui anaingia machimboni na mitambo yake, anadai inanusa dhahabu iliyo chini ya ardhi. Watu wanamwamini, wanamfuata, naye kila anapopita anaacha sumu kwenye maji. Mashujaa wanakuja kumzuia: mvua, jiwe na upepo. Kila mmoja anapigana peke yake na kila mmoja anashindwa. Mwishoni wanashikana mikono, wanamzunguka, na mitambo yote inazimika. Mwalimu aliupenda sana mwisho huo. Alisema hata mtu asiyejua kusoma atauelewa.

Adui alikuwa fundi redio. Mtu wa Isaka, wa makamo, mpole kiasi kwamba ukimsalimia anakuangalia kwanza, kama vile haamini ni yeye unayemsalimia. Mke na watoto walibaki Isaka. Yeye alipanga chumba Shinyanga, akafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio, na kila Jumamosi alikwenda nyumbani kwake. Lakini mvike kofia yake ya adui uone. Ilikuwa kofia ya pikipiki iliyozungushiwa taa nyekundu zinazokimbizana. Mgongoni alibeba bomba la kupulizia dawa ya pamba, ila lake lilitoa moshi. Mkononi alivaa glavu yenye vitufe. Akibonyeza kimoja, sauti yake inatoka kwenye spika ikiwa nzito kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Akibonyeza kingine, mwavuli alioufunga begani unafunguka wenyewe, kwa mota aliyoitoa kwenye waipa za gari bovu. Yote hayo yaliendeshwa na betri ya pikipiki, kwa waya mmoja mnene uliopita mgongoni.

Sisi mashujaa hatukuwa na kitu ila nguo nilizoshona mwenyewe. Hata hivyo, nilipoingia nikirusha vile vitambaa vya bluu, watu waliinuka. Kwa dakika chache macho yote yaliondoka kwenye taa za fundi yakaja kwangu. Ukishapata kitu kama hicho, unaanza kukihesabu kuwa ni chako.

Shujaa wa upepo alikuwa rafiki yangu, muuza dagaa. Dagaa wake aliwafuata mwaloni Nkome, kule wavuvi wanakoshusha samaki, na kuwauza Shinyanga, lakini kwao ni Isaka, nyumba ya tatu kutoka kwa mke wa fundi. Shujaa wa jiwe alikuwa bwana mmoja mnene aliyetuacha bila kuaga. Tulisikia baadaye kwamba amekwenda kuchimba dhahabu, na kwamba anachanganya zebaki kwa mikono mitupu kama wengine. Mwalimu hakula siku ile.

Kwa hiyo tulihitaji jiwe jipya. Akaja binti wa miaka ishirini na miwili hivi, kutoka kijiji kimoja nje ya mji, aliyekulia kwenye ngoma za mashindano za Kisukuma. Alisema amesikia nafasi ya jiwe iko wazi na yeye anaiomba. Mwalimu akamwambia atuonyeshe anachoweza. Binti akavua kandambili, akacheza pale pale kwenye vumbi nyuma ya darasa tulilokuwa tunafanyia mazoezi. Sitajaribu kueleza alivyocheza. Nilijua jambo limeniharibikia pale nilipoona fundi redio, mtu asiyeangalia watu, ameacha waya wake na kumwangalia.

Mwalimu aliniita pembeni. Alikuwa mtu wa heshima, alitafuta maneno.

"Mwanangu, mvua inacheza," aliniambia. "Wewe umekomaa. Umetulia. Jiwe litakufaa."

Nilimjibu kwamba hakuna shida. Jioni nilirudi nyumbani, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Kisha akaniomba nimshonee binti nguo ya mvua, maana yangu isingemkaa. Alikuja kwenye cherehani yangu asubuhi, akanipa shikamoo, akasimama wima na mikono imenyooka nimpime. Nilisoma namba za kiunoni mara mbili. Nilimshonea vizuri. Napenda hilo lijulikane, kwa sababu baadaye nilifanya mabaya, lakini sijawahi kumshonea mtu vibaya. Alipoivaa akajigeuza mbele ya kioo changu, akanishukuru, "Wabeja sana, dada," na macho yake yalikuwa na furaha ya kweli. Angekuwa na kiburi ningepata pa kushika. Hakuwa nacho. Wivu usiopata sababu hautulii, unazungukazunguka ndani ukitafuta mlango.

Onyesho la kwanza alilocheza yeye, wachimbaji walipiga miluzi mpaka mwalimu akasimamisha mchezo. Mimi nilisimama nyuma na gunia langu lililopakwa rangi ya kijivu, jiwe, nikingoja zamu yangu. Tulipomaliza, mama mmoja muuza vitumbua alinifuata, akanishika mkono kwa upole, akauliza kama yule mvua ni mwanangu wa kumzaa.

Baada ya hapo nikaanza kuangalia. Mtu mwenye wivu anakuwa na macho ya mlinzi. Njia yangu ya kurudi nyumbani inapita mbele ya kibanda cha fundi, na mara mbili, jua likiwa linazama, nilimwona binti yuko mle ndani. Mlango ulikuwa umefungwa nusu, kama wanavyofunga wengi kwa sababu ya vumbi. Walikuwa wameinamia meza, vichwa karibu karibu, na moshi mwembamba ulipanda kutoka mikononi mwao. Wiki iliyofuata nguo yake ya mvua ilikuwa na taa ndogo za bluu kuanzia mabegani hadi kwenye pindo. Akizunguka, taa zilikuwa zinateremka kama matone. Ile nguo niliishona mimi, na sasa hakuna aliyekuwa anaiona nguo.

Siku moja nilikuwa nimekaa na rafiki yangu wa upepo, nikimsaidia kuchambua dagaa na kutoa mchanga. Nikasema, bila kuinua macho, "Sijui wale wawili wanatengeneza nini pale kibandani mpaka jua linazama."

Ni hilo tu nililolisema. Nimeipima sentensi hiyo mara nyingi, na kila neno lililomo ni la kweli.

Rafiki yangu aliacha kuchambua. "Na mke wake yuko Isaka," akasema.

"Mimi sijasema kitu," nikajibu.

Yeye alikwenda kwao Isaka mwisho wa wiki ile. Nilijua anakwenda.

Haikupita hata miezi miwili tukaitwa kwenye machimbo fulani upande wa Geita. Tulisafiri kwa pikapu ya kukodi, mitambo ya fundi imefunikwa turubai, sisi tumekaa juu ya magunia. Machimbo yale yalikuwa na watu wengi kuliko tulivyozoea: wachimbaji waliotoka kila mkoa, akina mama wa mwaloni, kama wanavyopaita pale pa kuoshea mchanga wa dhahabu, wauza chai, wauza mitumba. Jukwaa letu lilikuwa tela la trekta. Kalasha, zile mashine za kusaga mawe, zilizimwa kwa ajili yetu, na ukimya ulipoingia watu walianza kuongea kwa sauti za chini, kama wamegundua kwamba hawana haja ya kupiga kelele.

Sisi wanawake watatu tulivalia nyuma ya turubai. Fundi alikuwa upande wa pili akifunga betri yake. Rafiki yangu alichungulia kupitia tundu, kisha akarudi nyuma.

"Mke wa fundi yuko pale mbele," akasema. "Amekaa juu ya ndoo."

Binti alituangalia mmoja mmoja, akauliza mbona tumenyamaza. Rafiki yangu si mtu wa kuweka jambo moyoni. Alimweleza kwamba kuna maneno huko Isaka, kwamba watu wanasema yeye na fundi wana jambo lao, na kwamba yule mama bila shaka amekuja kujionea. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakukana. Aliuliza tu maneno hayo yameanzishwa na nani.

Rafiki yangu aliniangalia. Halafu akainama kufunga mkanda wake, kama vile mkanda ule ulikuwa na shida.

Binti aliniangalia pia. Kisha akashika swichi ndogo iliyokuwa kiunoni mwake, akawasha taa zake, akazima, akawasha tena, akihakikisha zote zinafanya kazi. Mwalimu akapiga ngoma. Tukatoka.

Mchezo ulianza vizuri kuliko siku zote. Fundi hakujua kwamba mke wake yuko pale, maana kile kioo cheusi cha kofia kilimnyima kuona mbali. Alinguruma, akapuliza moshi, akafungua mwavuli, wachimbaji wakashangilia. Watu walimpenda adui wetu kuliko sisi sote, tuseme ukweli. Upepo akaingia akashindwa. Mimi jiwe nikaingia, nikasimama, nikasukumwa, nikashindwa. Kisha mvua ikaingia, na taa zake zikateremka, na ule umati wote ukatoa sauti moja ndefu ambayo sikuwahi kuisikia ikitolewa kwa ajili yangu.

Nilikuwa nimelala kwenye mbao za tela, jiwe lililoanguka, nikiitazama kutoka chini. Nilikuwa na aibu kwa nililolifanya. Ungedhani aibu inaua wivu. Haikuuua. Vilikaa vyote viwili kifuani, kila kimoja kikikipa kingine nguvu.

Ikafika sehemu ya kushikana mikono. Rafiki yangu aliinuka, akashika mkono wa kushoto wa binti. Binti akanyoosha mkono wa kulia kwangu. Alinyoosha vizuri, kama tulivyofanya mazoezi, kiganja juu. Baada ya yote aliyoyasikia nyuma ya turubai, alinyoosha.

Sikuushika.

Nilisimama nikiutazama. Nikishika, nilihisi, nitakuwa nimekiri kila kitu mbele ya watu wote hawa, na zaidi ya hapo nitakuwa nimekubali kwamba mvua ni yeye. Mkono wangu ulibaki ubavuni. Fundi alikuwa anangoja, kwa sababu yeye ndiye aliyetakiwa kubonyeza kitufe cha kuzima mitambo mara tukishikana. Alipoona hatushikani akadhani tumesahau, akatupa nafasi. Akarudia maneno yake: "Hakuna wa kunizuia." Akapuliza moshi. Akafungua mwavuli, akaufunga, akaufungua. Akarudia tena, "Hakuna wa kunizuia," na safari hii sauti ile nzito ilikuwa kama inatuomba. Bomba likaishiwa moshi, likabaki kukohoa. Watu wakaanza kucheka. Binti bado alikuwa ameunyoosha mkono.

Ndipo yule mama akainuka kwenye ndoo yake.

Alikuwa mfupi, amevaa kitenge na kandambili, mkoba kwapani. Wachimbaji wawili walimpa mikono wakampandisha kwenye tela, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akaenda nyuma ya mume wake, akapapasa mgongoni, akaupata ule waya mnene. Aliujua ulipo. Akauvuta.

Taa zikazimika. Spika ikanyamaza. Mwavuli ulikuwa katikati ya kufunguka, ukabaki hivyohivyo. Yule mama akamzunguka mumewe, akamvua kofia, na fundi akaonekana, uso umelowa jasho, macho yamemtoka kwa mshangao. Mkewe alimfuta uso kwa pindo la kitenge.

"Umekonda," akamwambia. "Shuka ule."

Hayo tuliyasikia sisi tuliokuwa jukwaani tu. Huko chini walichoona ni adui mwenye mitambo yote ile, aliyewashinda mashujaa watatu, akizimwa na mama mmoja mwenye kandambili. Machimbo yalilipuka kwa shangwe. Watu walirusha kofia. Akina mama wa mwaloni walipiga vigelegele mpaka wengine wakakaa chini kwa kucheka. Mwalimu, ambaye hakuelewa kilichotokea lakini alikuwa amefundisha madarasa yenye watoto tisini, alishika kipaza sauti cha mkononi akawauliza wananchi kama wameona ni nani anayeweza kuzuia sumu majini. Wakamjibu kwa sauti kubwa. Alimalizia ujumbe wake wote wa zebaki na hakuna aliyeondoka.

Baadaye fundi na mkewe walikaa kwenye kivuli cha pikapu, wakila wali na kuku aliokuja nao kwenye hotipoti. Yule mama akaniita kwa mkono. Nilikwenda nikiwa bado na gunia langu la jiwe.

"Mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "nimeambiwa maneno yalianzia kwako."

Nilitaka kumweleza kwamba niliuliza tu. Maneno yale nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga. Nikasema, "Ni mimi."

"Ulimwona binti akifanya nini?"

"Nilimwona ameinamia meza na mume wako. Walikuwa wanatengeneza kitu."

"Basi hicho ndicho ulichokiona." Alimwekea mumewe paja la kuku kwenye sahani. "Mume wangu aliniambia tangu mwanzo kuna binti amemwomba amfundishe kutengeneza simu. Sikuja hapa kwa wasiwasi. Nimekuja kwa sababu majirani walianza kunipa pole, nami nimechoka kupokea pole za mtu aliye hai."

Fundi aliendelea kula, kichwa chini, na hilo liliniuma kuliko angenikaripia.

Njiani kurudi nilimwomba rafiki yangu anipishe, nikakaa karibu na binti nyuma ya pikapu. Nilimwambia nilichokisema, nilikisemea wapi, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo ilinichukua muda. Alikuwa amekunja nguo ya mvua magotini akichomoa betri zake.

"Dada," akasema, "mimi nilikuja kuomba jiwe. Ungeniambia tu unaitaka mvua, ningekurudishia siku ileile."

Nikamuuliza zile taa je.

"Nilikuwa najifunza kuchomelea waya. Fundi alisema nianzie kwenye taa ndogo."

Nilitamani anitukane. Aliniambia amenisamehe, lakini toka siku ile hakuniita tena dada. Aliniita mama, kwa heshima, kama mtu yeyote.

Mtu mmoja alikuwa amepiga video, na ile video ya mama akimzima adui ilizunguka kwenye simu za watu kuliko kitu chochote tulichowahi kufanya. Tulipokwenda kwingine watu walimwulizia. Mwalimu alibadilisha mwisho wa mchezo: mashujaa wanashindwa, anainuka mwanamke kutoka kwa watazamaji. Alimwomba mke wa fundi aje kucheza, yule mama akacheka kwenye simu akasema ana bustani. Ikabidi nicheze mimi, jiwe akapewa mtu mwingine. Nilivaa khanga zangu za nyumbani, nikakaa katikati ya umati, nikainuka, nikavuta waya. Walishangilia, lakini si kama siku ile. Watu wanajua tofauti.

Binti aliondoka baada ya muda mfupi kwenda Katoro kufungua kibanda chake cha simu. Mwalimu akaniuliza kama niko tayari kurudi kwenye mvua, waya uvutwe na mtu mwingine. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Onyesho la kwanza, nilipoingia na vitambaa vyangu vya bluu, sauti ya mtu fulani kutoka nyuma iliuliza yule wa taa yuko wapi. Nilicheza mpaka mwisho. Nilicheza mwaka mzima, mpaka lile shirika lilipomaliza mradi wake na mwalimu akaturuhusu kila mmoja aende zake. Rafiki yangu wa upepo bado tunasalimiana, bado ananiletea dagaa, ila hatukai tena kuchambua pamoja.

Mwaka huu simu yangu ilianguka ikapasuka, nikiwa nimekwenda Katoro kwenye msiba. Mafundi wako wengi pale. Nilitafuta kibanda chake mpaka nikakiona. Alikuwa amevaa miwani ya kukuza, amezungukwa na wateja, na bwana mmoja aliyekuwa mbele yangu aligeuka kuniambia kwamba binti huyu ni hodari, simu iliyowashinda watu wa mjini yeye ameifufua kwa nusu saa.

"Najua," nilimjibu, na pale kifuani nikasikia kile kitu kikijigeuza kidogo, kama mtu anayelala vibaya. Mimi sijawahi kusifiwa hivyo na mtu nisiyemjua.

Binti aliinua macho akaniona. Alinisalimia, akasukuma kigoda kwa mguu kunielekezea nikae, akarudi kwenye kazi yake. Kulikuwa na watu wanne mbele yangu. Nilikaa nikangoja.